Mama Amekwenda Nchi Ile

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumanne, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu nyingi za dada yako, na kabla hujasoma mbele zaidi, tafuta mahali ukae. Hali yako vipi huko kambini? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulisema vumbi la kuchimba bwawa linakukaba, nikakuambia ufunge kitambaa puani, na najua hukufunga. Kama unakula siulizi. Mtu aliyepewa jina la Kijiko kwa sababu utotoni alikuwa akilala nacho mkononi hawezi kufa njaa.

Sisi hapa hatujambo kiafya. Shemeji yako mgongo umetulia, wanangu, yaani hao wapwa zako, wanakwenda shule na kunisumbua, na saluni inapata wateja ingawa draya moja imekufa na ya pili inakohoa.

Nimesema kiafya makusudi, maana moyoni hatujakaa sawa bado. Kijiko, Mama hayupo. Usishtuke vibaya, yu hai na ni mzima kuliko mimi. Amekwenda kuwa mmisionari. Na nchi aliyokwenda ni ile ile. Ndiyo, umesoma vizuri, usirudie sentensi. Ile ambayo tangu tumzike Kaka hakuna mtu anayethubutu kuitaja humu ndani, ile ambayo ikitangazwa redioni Mama alikuwa akinyanyuka na kuizima bila kusema kitu.

Utauliza kwa nini unaambiwa leo wakati ameshafika. Yeye ndiye aliyenikataza. Alisema ukijua mapema utaacha kazi uje kumshika mguu, na wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye angeweza kumzuia. Kwa hiyo hasira zako zote zilete kwangu, nimejiandaa.

Nianze mwanzo. Jumapili moja mwezi wa sita tulipata mgeni kanisani, daktari mzee wa shirika la misheni. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu wa nyuma walihamia mbele ili wamsikie. Hakugonga mimbari wala hakutoa machozi. Alisema wana kituo chenye chumba cha uzazi na vitanda safi, lakini mkunga wao aliugua akarudi kwao, na tangu hapo wanawake wa kule wanajifungulia njiani, wengine hawafiki kabisa. Alikuwa akimtafuta yeyote ambaye Mungu anamwita kwa kazi hiyo. Kisha akataja nchi.

Mimi nilikuwa kwenye kwaya. Jina lile lilipotoka nilimtazama Mama haraka, nikijua atanyanyuka atoke nje. Alikuwa ameinama akipekua mkoba wake. Nikadhani anatafuta leso.

Sasa, kanisa zima lilijua nani atasimama. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ameanza kuutangaza wito wake tangu mwaka jana, na suti ya kuagwa alikwishaishonesha. Mchungaji aliposema aliyeguswa asimame, shingo zote zilimgeukia yeye. Mwalimu akakohoa, akanyoosha tai, akaweka mikono magotini kama mtu anayetaka kunyanyuka. Kabla hajanyanyuka, Mama alikuwa amesimama, mkoba kwapani.

Hata hapo nilidhani anatoka.

"Mchungaji," akasema, "mimi ni mkunga. Nitakwenda."

Mpiga kinanda aliacha vidole hewani. Mimi nilikaa kwa kishindo, na mwenzangu wa sauti ya pili akafikiri nimezimia, akaanza kunipepea kwa kitabu cha nyimbo. Fikiria mwenyewe. Mwanamke aliyestaafu, ambaye magoti yake yanalia akipanda ngazi. Nusu ya watu waliokuwamo mle aliwapokea duniani kwa mikono yake, na mama zao ndio waliomwita Sista Sukuma, kwa lile neno lake la chumba cha uzazi. Mchungaji mwenyewe alipokewa na Sista Sukuma.

"Mama," Mchungaji akasema, "tuombe kwanza."

"Mimi nimeshaomba," Mama akamjibu. "Ombeni ninyi." Akakaa, akauweka mkoba mapajani kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

Nyumbani nilimfuata hadi jikoni. Yeye alichukua kisu akaanza kukata vitunguu, taratibu, kama Jumapili nyingine yoyote.

"Mama, uliisikia nchi aliyoitaja yule daktari?"

"Niliisikia."

"Ni ile."

"Nimestaafu mimi, masikio yangu hayajastaafu."

Nikamwambia wapo wanawake wanaojifungua hapa hapa mtaani, kama ni kuzalisha kwa ajili ya Mungu awazalishe hao. Akasema hapa wakunga wamejaa hospitali nzima, na mmoja amemfundisha mwenyewe na ana mikono mizuri kuliko yake. Kule hakuna hata mmoja. Nikaona ananishinda kwa hoja, basi nikamtupia lile ambalo sikupaswa kulisema. Nilimwuliza kama amesahau watu wale walimfanya nini mwanawe.

Kisu kilisimama. Alimaliza kitunguu kilichobaki, akaosha mikono, akaniachia jiko.

Wewe wakati Kaka anafariki ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mengi ulisimuliwa, tena nusunusu. Kaka alikuwa amevuka mpaka na lori la saruji. Kwenye mji mdogo wa barabarani mtoto alichomoka mbele yake, akamgonga. Kaka angeweza kukimbia, madereva wengi hukimbia. Yeye alisimamisha lori ateremke kumbeba yule mtoto, na hapo watu wakamzunguka. Polisi walipofika hapakuwa na dereva wa kuokoa. Tulichojua sisi ni kwamba alimpigia Mama simu akiwa bado ndani ya lori, akasema, "Mama, niombee," kisha simu ikakatika. Hivyo ndivyo Mama alivyotuambia, na hivyo ndivyo tulivyoamini miaka yote hii.

Habari za kanisani zilimfikia Mjomba siku hiyo hiyo. Mjomba Kipaza unamjua, ukizungumza naye kwa simu jirani anapata habari zote bila kuulizia. Alikuja Jumamosi na kikao kamili: yeye, Shangazi, mume wangu, mimi, na Mchungaji wa kutia muhuri. Tulikaa hapa hapa ninapokuandikia, Mama tukamweka kwenye kiti cha peke yake kama mshtakiwa.

Mjomba alizungumza mpaka vikombe vikawa vinalia kwenye visahani. Alisema dada yake amechanganyikiwa kwa uzee. Alisema kumpeleka mjane kwa wauaji wa mwanawe ni kumtupa, na kanisa linaloruhusu jambo hilo litamjibu yeye. Akasema nikuandikie wewe uje ummalize mama yako kwa maneno. Mchungaji alikuwa akitazama viatu vyake tu. Mwisho Mjomba akatoa lile aliloona ni la kufunga kesi.

"Dada, wewe hata kuomba maji kwa lugha yao hujui. Utazalisha kwa ishara?"

Mama alimgeukia akasema maneno. Hayakuwa maneno mawili, Kijiko, yalikuwa marefu, yenye kupanda na kushuka, yakimtoka kama mtu anayeongea na jirani kwenye ua. Sikuelewa hata moja. Chai ilinimwagikia mapajani na sikuhisi moto.

Shangazi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Wifi, umesema nini?"

"Nimemwomba maji," Mama akasema. "Na nimeongeza kwamba apunguze sauti, jirani wana mtoto mchanga."

Mume wangu alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akajifanya anakohoa. Mimi nikamwuliza Mama lugha ile ameipata wapi. Akasema kwa fundi viatu.

Unamkumbuka yule fundi wa kwenye lango la soko, anayekaa chini ya turubali la bluu. Anatoka kule. Sisi wote tulikuwa tukimpita kwa mbali, na Mjomba alikuwa radhi atembee na kiatu kinachocheka kuliko kumpa yeye akishone. Lakini viatu vya Mama vilikuwa kwa fundi kila wiki, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba vina ugonjwa usiopona. Sikuwahi kujiuliza ni fundi gani.

"Kaeni vizuri," Mama akasema, "niwaambie kitu. Ile simu haikukatika."

Sijui nikuandikieje hili. Nitakuandikia kama alivyolisema.

Kaka aliposema "niombee", simu ilimdondoka ikabaki sakafuni mwa lori, na Mama hakukata. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisikia yote, akiwa amesimama jikoni peke yake na simu sikioni, na baadaye akatoka akatuambia imekatika, kwa sababu hakutaka yeyote kati yetu abebe kile alichokisikia. Katikati ya zile kelele palikuwa na sauti ya mwanamke mmoja, karibu kabisa na simu, iliyokuwa ikirudia maneno yale yale bila kuchoka, mpaka nayo ikapotea. Mama hakujua maana yake. Lakini yalimng'ang'ania kichwani, kama wimbo wa lugha ngeni unavyomshika mtu akaweza kuuimba bila kuuelewa. Alilala nayo na kuamka nayo. Alifikiri labda ndio maneno yaliyowachochea.

Siku moja alichukua kiatu kizima, kisicho na kasoro, akaenda nacho kwa fundi, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akamtamkia yale maneno kama alivyoyasikia. Fundi akaweka nyundo chini. Akamwuliza ameyasikia wapi. Mama akamwambia. Kisha yule mtu akamwambia maana yake.

"Mwacheni, ni mtoto wa mtu. Mwacheni, ni mtoto wa mtu."

Basi. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema yule mwanamke.

Shangazi alijifunika uso kwa ushungi. Mjomba Kipaza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitaka kusema kitu na sauti haikuja. Alishika meza akabaki hivyo.

"Nilikuwa nimewatia wote kapu moja," Mama akasema. "Kila siku nilimwomba Mungu awaadhibu, nchi nzima, na yule mama alikuwa ndani ya maombi yangu. Nilipojua, sikuweza tena kuomba vile. Maombi yalikwama hapa," akajigusa kooni. "Nikamwomba fundi anifundishe lugha, angalau nimwombee yule mama kwa maneno yake. Kisha nikaanza kumwambia Mungu atume mtu kule. Nilimtajia vijana wote wa kanisa letu. Mwalimu wa kwaya nilimtaja sana, Mchungaji atanisamehe. Yule daktari alipotaja nchi ile niliinamia mkoba nifiche uso, kwa sababu nilijua jibu limekuja na sikulitaka. Nilimwambia Bwana, mimi ni mzee. Sikusikia sauti yoyote. Niliona tu kwamba nikibaki nimekaa, sitaweza kuomba tena."

Mchungaji akamwuliza kama anakwenda kumtafuta yule mwanamke.

"Nchi ni kubwa, mwanangu. Huenda alishakufa. Huenda nitampokea mjukuu wake nisijue. Mimi nakwenda kuzalisha, na atakayeniuliza kwa nini nimekuja nitamwambia habari za Yesu."

"Na umewasamehe?" Shangazi akauliza, kwa sauti ya chini.

Mama akamgeukia. "Wifi, zipo siku nimesamehe, na zipo siku naamka nakuta sijasamehe. Nimeitwa nikafanye kazi. Sikuambiwa nisubiri mpaka niwe nimemaliza."

Kikao kiliishia hapo. Hakuna aliyekifunga, watu walinyanyuka tu mmoja mmoja. Mchungaji alipiga magoti mbele ya kile kiti cha mshtakiwa akaomba abarikiwe yeye. Mjomba aliondoka bila kuaga, na mpaka leo hajakubali. Siku ya safari hakuja, ila alimtuma mkewe na blanketi zito, kwa kuwa amesikia kule kuna baridi.

Mwalimu wa kwaya alisusa mazoezi kwanza. Halafu akaja nyumbani jioni moja, akamwambia Mama ukweli kwamba Jumapili ile alitaka kusimama na goti likakataa. Mama alimpa chai, akamwambia abaki na kwaya, maana wanaume wa sauti ya nne wanaimba kama wanakokota kabati. Mwalimu alicheka, na nadhani alipumua.

Fundi viatu alimshonea Mama viatu vya kufungwa, soli nene, akavileta mwenyewe hadi mlangoni. Nilimkaribisha ndani. Hakuingia. Alisema tu kwamba Sista akifika awasalimie watu wa kwao, akageuka haraka, na mimi nikabaki nimeshika viatu nisijue niweke uso wangu wapi.

Nilimsindikiza Mama mpaka mpakani. Kwenye basi alilala njia nzima, kichwa begani kwangu, mdomo wazi, wakati mimi nimekodoa macho kama nimemezwa na nyangumi. Tulipofika kwenye dirisha la uhamiaji, ofisa aliitazama pasipoti, akamtazama Mama, akarudi kwenye pasipoti.

"Bibi, unakwenda kufanya nini kule?"

"Kazi."

"Kwa umri huu?"

"Kazi yangu hawatazami umri, wanatazama mikono."

"Na unarudi lini?"

"Hilo muulize aliyenituma."

Ofisa akauliza ni shirika gani, ampe namba apige simu. Watu mstarini wakaangua kicheko, Mama naye akacheka, na mimi niliyekuja na machozi yangu tayari nikajikuta nacheka nao. Ofisa akapiga muhuri.

Tulikumbatiana pale kwenye nondo za lango la mpaka. Hakuniambia maneno makubwa. Aliniambia nipeleke draya kwa fundi kabla haijamchoma mtu kichwa. Akachukua begi lake akavuka.

Upande wa pili alikuwapo mwanamke wa makamo, ametoka kituoni kuja kumpokea, ameshika mwavuli. Nilimwona Mama akimsalimu kwa lugha yao. Yule mwanamke aliruka kidogo, kwa mshangao, kisha akampokea begi na kumwita kwa neno fulani. Neno lenyewe silijui. Lakini Mama aliitika kama anavyotuitikia sisi tukimwita kutoka uani, ile "ee" yake ya kuvuta, na nikaelewa bila mkalimani kwamba ameitwa mama.

Kijiko, nilikuwa nimejiandaa kwa hofu, na kwa huzuni nilijiandaa. Kilichonipata pale kilikuwa wivu. Ulinichoma mpaka nikashika nondo. Nilisimama mpaka walipoingia kwenye gari, na Mama hakugeuka nyuma, alikuwa akimsikiliza yule mwanamke.

Tangu hapo amepiga simu mara moja, mtandao ukiwa wa kubabaisha. Alisema amefika, chumba chake kina dirisha zuri, na kuna mama mwenye mapacha anayemtia wasiwasi. Hakuwa na muda. Nilikuwa nimeandaa maswali mengi, nikaishia kumwambia avae blanketi.

Namba yake nimekuandikia nyuma ya bahasha. Ukipanda kile kilima chenu chenye mtandao, mpigie. Kama umekasirika, mwambie umekasirika, atakusikiliza. Kisha msikilize na wewe. Mimi mwenzako sijazoea. Naingia humu ndani kufungua madirisha na kufuta vumbi, nakaa kwenye kiti hiki, na kila mara nashtuka upya, kama vile nimeambiwa sasa hivi.

Shemeji yako anakusalimu sana. Wapwa zako wanasema usirudi mikono mitupu. Shangazi anakuombea, na Mjomba naye anakusalimu, ingawa anataka ujue kwamba hakuhusika. Mchungaji amekutaja Jumapili iliyopita kwa jina lako la nyumbani, kanisa likacheka.

Mungu aliyemshika mkono Mama akavuka naye akushike na wewe kwenye mashimo ya bwawa hilo, akutoe mzima, mifupa yote ikiwa mahali pake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Dada wa Saluni